Mhogo Unaooza Ardhini: Wasomi Wamegundua Nini?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wa vijiji vya mwambao wa Mtwara, upande wa Msimbati hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Tumeyaandika ili wale ambao hawakufika wayasome wenyewe.)



Leo tutazungumza juu ya mhogo. Tunajua wapo watakaosema: "Mhogo tumezaliwa tukaukuta. Huyu afisa elimu atatufundisha nini?" Ni kweli, kulima mhogo hamhitaji kufundishwa na sisi. Lakini mpo mliofukua shina zuri, lenye majani mabichi, mkakuta mzizi umeoza ndani. Ukiukata unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hauliki, haukaushwi makopa, na hata sokoni hauuziki. Jirani naye kapanda mbegu ile ile, mwaka ule ule, na wake ni mweupe. Kwa nini?

Swali hilo limewafikisha watu mbali. Wapo vijana wa Tanzania waliolibeba mpaka Ulaya na Afrika Kusini, wakakaa miaka wakilitafutia jibu. Kazi ya namna hiyo huitwa utafiti wa shahada ya juu. Mtu amemaliza chuo kikuu, lakini harudi nyumbani. Anachagua swali moja tu, dogo, ambalo halijapata jibu. Analichunguza miaka mitatu, minne, au zaidi. Halafu anaandika kitabu kiitwacho tasnifu. Walimu wake wanakaa mbele yake wanamhoji: umejuaje? umepimaje? mbona hukuangalia na hili? Akijibu vizuri anapewa shahada ya uzamivu, na watu wanamwita Daktari, ingawa hatibu mtu.

Msidhani maswali hayo hutoka mbali. Mtafiti wa Naliendele, Geoffrey Mkamilo, alipata shahada yake mwaka 2004 katika chuo cha Wageningen, Uholanzi. Tasnifu yake ilihusu kuchanganya mahindi na ufuta katika shamba moja, huku huku kusini mashariki mwa Tanzania. Alianza kwa kuwauliza wakulima wanachanganyaje na kwa sababu gani. Jambo ambalo bibi zetu walikuwa wakilifanya bila kuandika likawa kitabu Uholanzi. Ubaya wake ni kwamba vitabu hivi huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika makabati ya vyuo, na mkulima aliyeulizwa maswali harudishiwi jibu. Sisi hatulipendi jambo hilo, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Haya, turudi kwenye mhogo wetu.

Ugonjwa huu wataalamu wanauita michirizi ya kahawia. Msiuchanganye na batobato. Batobato unaiona toka mbali: majani machanga ya juu yanakunjamana, yanakuwa madogo, yana mabaka. Michirizi ya kahawia ni mwizi wa kimya. Majani ya juu yanabaki mazuri. Umanjano unaanza kwenye majani yaliyokomaa, yale ya chini, pembeni mwa vishipa vya jani. Na majani ya chini yakiwa manjano nani atashangaa? Kila mtu anasema, "Yamezeeka hayo." Kwenye shina, sehemu iliyo bado ya kijani, utaona michirizi ya kahawia kama mikwaruzo. Huko chini ndiko mali inakoharibika, na wewe huoni mpaka siku ya kufukua.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapotuumiza sisi watu wa pwani kuliko wengine. Mhogo kwetu ni ghala. Hatujengi ghala la mahindi mwaka mzima. Tunauacha mhogo ardhini, na siku bahari ikichafuka, au korosho zikichelewa kulipwa, mama anakwenda kufukua. Lakini mhogo wenye ugonjwa kadiri unavyokaa ardhini ndivyo unavyooza. Wakulima wengi wa Mtwara waliligundua hili wenyewe, wakaanza kuvuna mapema kabla ya kuoza. Wanaokoa kiasi, ndiyo, lakini mzizi haujajaa, na ghala limekwisha. Majaribio yaliyofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba katika mbegu zilizo dhaifu kabisa uzito wa mizizi huweza kupungua hadi asilimia 70. Maana yake, palipokuwa na magunia kumi unapata matatu. Na hayo matatu nayo yana madoa.

Nani aliuona kwanza? Kwa macho, bila shaka ni mkulima, lakini jina lake hakuna aliyeliandika. Katika maandishi ni mtaalamu aitwaye Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Mwaka 1936 alitoa taarifa kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kwamba unaletwa na kirusi. Kirusi ni kitu kidogo mno, huwezi kukiona kwa miwani wala kwa darubini ya kawaida. Hakili wala hakitembei. Kazi yake ni moja: kikiingia ndani ya mmea kinaulazimisha ufanye nakala zake, nyingi, nyingi.

Wataalamu wa Amani walitafuta mhogo usioshikwa. Walipanda mbegu toka nchi nyingi, zote zikaugua. Ndipo walipotazama ndugu wa mhogo. Ndugu mmoja mnamfahamu. Ni ule mti tunaouita mpira, wenye majani yanayofanana na ya mhogo na utomvu mweupe. Ni kweli ni ndugu, tena wa ukoo mmoja kabisa, kama mtoto wa baba mkubwa. Mpira ulistahimili zaidi. Basi wakaamua kuwaoza: mhogo na mpira.

Mtauliza, mimea inaozwaje? Mzee mmoja alituuliza hivyo na watu wakacheka, lakini ni swali la maana. Sisi tunapanda mhogo kwa pingili. Pingili si mtoto, ni kipande cha mama yule yule. Ukikata pingili ishirini toka shina moja, umepata mama yule yule mara ishirini, na kama alikuwa mgonjwa, umepanda wagonjwa ishirini. Lakini mhogo una maua pia. Katika kishada kimoja yamo maua ya kike na ya kiume. Ya kike hufunguka kwanza. Ya kiume hufuata baadaye, yapata wiki moja au zaidi. Hivyo si rahisi kishada kijizalishe chenyewe, na nyuki huleta vumbi toka mmea mwingine. Tunda lina mbegu tatu, nalo likikauka hupasuka na kuzirusha. Kila mbegu ni mtoto mpya, hafanani na mwenzake, kama watoto wa nyumba moja. Basi mtaalamu hufunika ua la kike kwa kifuko cha kitambaa nyuki asiingie, halafu yeye mwenyewe analipaka vumbi la ua la kiume analolitaka.

Mtoto wa kwanza wa mhogo na mpira hakufaa kuliwa. Mizizi yake ilikuwa membamba, yenye nyuzi. Wakamwoza tena kwa mhogo. Na mtoto wake tena kwa mhogo. Mara tatu. Kila mara walipanda mbegu nyingi, wakazitupa karibu zote, wakabakiza chache zenye mizizi minono zisizougua. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1930 na kumalizika mwaka 1957. Walioifanya ni Storey, kisha Nichols, kisha Jennings. Programu ikafungwa. Mashina machache yakabaki mikononi mwa wakulima, hakuna aliyeyafuatilia.

Shina mojawapo lilikuwa na namba tu, 46106/27. Pwani ya Kenya wakulima waliliita Kaleso. Na hapa Tanzania mnaijua mbegu inayoitwa Namikonga? Baada ya miaka mingi wataalamu walilinganisha Kaleso na Namikonga kwa kupima vinasaba. Vinasaba ni maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Ndiyo yanayofanya mtoto wa kuku awe kuku. Wakakuta ni mhogo mmoja, majina mawili. Na mwaka 2016 uchunguzi mwingine wa vinasaba ulionyesha kwamba ndani ya Namikonga vimo bado vipande vya mpira. Wakulima walikuwa wameitunza kazi ya Amani miaka yote hiyo bila kuambiwa.

Sasa tuje kwa mbebaji. Pingili huubeba ugonjwa, hilo linaeleweka. Lakini ukipanda pingili safi kabisa, bado unaweza kuuguza shamba. Nani anauleta? Tangu zamani aliyeshukiwa ni nzi mweupe. Ukitikisa mhogo asubuhi utawaona wanaruka kama unga chini ya majani. Si nzi kwa kweli, ni ndugu wa vidukari. Ana mdomo kama sindano. Anauchoma kwenye jani na kufyonza maji matamu. Lakini kushuku si kuthibitisha. Wataalamu walijaribu mara kadhaa kumfanya nzi auhamishe ugonjwa toka mhogo mgonjwa kwenda kwa mzima, ikashindikana. Uthibitisho ulipatikana mwaka 2005 tu, Uingereza, kwa kazi ya Maruthi na wenzake. Toka 1936 hadi 2005 ni karibu miaka 70. Utafiti una subira hiyo.

Tabia ya nzi huyu inatupa faida moja. Kirusi hiki hakimkai mwilini muda mrefu. Akikifyonza, anakuwa nacho siku moja, mbili, basi kimekwisha. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba toka shina gonjwa, ugonjwa ulisambazwa na nzi umbali wa kama mita 17 tu katika msimu mmoja. Mita 17 ni hatua kama ishirini za mtu mzima. Sasa jiulizeni: ugonjwa unaohama hatua ishirini kwa msimu umefikaje toka Mtwara hadi Tandahimba na Newala? Nzi hakuufikisha huko. Umefika juu ya baiskeli, umefungwa mpira, katika mzigo wa pingili ambazo mtu alipewa na shemeji yake.

Tuliposema hivyo watu walinyamaza kidogo. Mama mmoja akasema, "Basi ni sisi." Mwenzake akamjibu kwamba mbegu yake ilitoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zake wa Msumbiji, na hawezi kuikataa mbegu ya ndugu. Hatukuwaamua. Undugu wa ng'ambo na ng'ambo ya Ruvuma ni wa zamani kuliko mpaka. Lakini ndugu anaweza kuombwa akuonyeshe mzizi kabla hajakupa shina. Hilo si tusi.

Tuseme kidogo juu ya kirusi chenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Mhogo si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta toka Amerika ya Kusini. Mwaka 1999 Kenneth Olsen na Barbara Schaal, wa chuo kikuu kimoja cha mji wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwa vinasaba kwamba mhogo tunaokula umetokana na mhogo mwitu wa kusini mwa msitu wa Amazoni. Sasa sikilizeni: huko Amerika ugonjwa wa michirizi ya kahawia haupo. Basi mhogo haukuja nao. Umeupata hapa hapa, katika pande zetu za Afrika. Wataalamu wengi wanadhani kirusi kilikuwa kikiishi ndani ya mmea fulani wa porini, mhogo ulipofika kikahamia kwa mgeni. Mwaka 2019 watafiti wa Msumbiji na Tanzania walitoa taarifa kwamba wamekikuta katika mimea ya porini nchini Msumbiji. Porini bado kuna mengi ya kuchunguza.

Kijana Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa, alikichunguza kirusi hiki kwa shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, akamaliza mwaka 2011. Huko hakuna hata shamba moja la mhogo, kuna theluji. Lakini walikuwa na mashine za kusoma maandishi ya urithi ya kirusi. Maandishi hayo ni kama barua ya herufi 9,000 hivi. Kumbe havikuwa kirusi kimoja, ni viwili, ndugu lakini tofauti. Na ndani ya barua hiyo mna kipande cha ajabu, kinachofanana na kipande kilichomo ndani ya viumbe wengine kabisa. Wataalamu wanadhani zamani sana kirusi kilikichukua kwa kiumbe mwingine, kikakifanya chake.

Ninyi mmejifunza kuandika ukubwani, mnajua: ukinakili barua ndefu utakosea herufi. Kirusi hujinakili mara nyingi mno, na hukosea kila mara. Makosa mengi humdhuru mwenyewe, nakala hiyo inakufa. Lakini mara moja moja kosa linamfaa: linamwezesha kuingia katika mhogo uliokuwa ukimshinda. Nakala hiyo ndiyo inayozaliana na kuenea. Hivyo ndivyo viumbe vinavyobadilika kizazi kwa kizazi. Kwa mhogo huchukua miaka mingi, kwa kirusi ni haraka. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulisema kwamba mmoja wa hao ndugu wawili anabadilika kwa kasi kuliko mwenzake. Zamani wataalamu waliamini ugonjwa huu ni wa pwani na nchi za chini tu, chini ya mita 1,000 juu ya bahari. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, Mukono, juu ya kimo hicho. Toka hapo umeendelea.

Kwa hiyo mtu akija kijijini akisema anauza mbegu ambayo haitaugua milele, mwambieni aketi kwanza, mumhoji.

Na hapa tueleze maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mhogo unaokinza, na kuna mhogo unaovumilia. Unaokinza unamzuia kirusi asizaliane ndani yake. Unaovumilia unakuwa naye, majani yanaonyesha dalili, lakini mzizi unachelewa kuoza au hauozi sana. Nanchinyaya, mbegu ya kwetu kusini, inajulikana kwa kuvumilia. Kiroba nayo iko upande huo. Mbegu za kuvumilia zinalisha nyumba, na hatuzidharau. Lakini zina hatari yake: wewe unakula vizuri, huku shamba lako linampa nzi kirusi cha kumpelekea jirani mwenye mbegu dhaifu.

Namikonga ni ya kukinza. Basi kwa nini tusipande Namikonga sote? Kwa sababu mkulima hali ukinzani. Anataka mzizi mkubwa, mtamu, unaoiva vizuri, unaotwangika. Ndipo wasomi wakafikiri: tuuchukue ukinzani wa Namikonga tuutie katika mhogo unaopendwa. Mama mtafiti wa Tanzania, Esther Masumba, na wenzake walioza Namikonga na mhogo uitwao Albert. Albert ni mbegu ya wakulima pia, lakini hudhurika sana na ugonjwa huu. Watoto waliopatikana walipandwa Naliendele, hapa kwetu, na Chambezi, wilaya ya Bagamoyo. Naliendele ilichaguliwa kwa sababu ugonjwa umejaa. Ukitaka kujua nani anaogelea, mtie majini. Wakati wa kuvuna kila mzizi hukatwa vipande na kupewa alama toka 1 hadi 5. Moja ni safi, tano umeharibika kabisa. Kisha wakalinganisha alama na vinasaba, wakaona ni vipande gani vya urithi wa Namikonga vinavyokwenda pamoja na mizizi safi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Faida yake ni hii: mche ukiwa bado mchanga, unachukua jani moja, unapima vinasaba, unajua kama umerithi. Huhitaji kungoja mwaka mzima ndipo ufukue. Wataalamu wa Amani, na subira yao yote, hawakuwa na kitu hicho.

Sasa shambani tufanye nini? Tuliwauliza wanakisomo kwanza, tusije tukawa kama redio. Majibu yalikuwa mazuri kuliko ya kwetu. Mzee mmoja alisema mbegu ichaguliwe siku ya kuvuna, si siku ya kupanda. Ni kweli kabisa. Siku ya kupanda unaona fimbo tu. Siku ya kuvuna unafukua shina, unakata mizizi yake mahali pengi, unatazama. Ukiwa mweupe wote, na shina halina michirizi, na majani ya chini hayakuwa na mabaka ya manjano, shina hilo unalitenga kwa mbegu, unalifunga kamba ya ukili ulijue. Yaliyobaki ni kuni. Mashina ya mbegu mpya yapandwe mahali pake, mbali na mhogo wa zamani. Mkizikumbuka zile hatua ishirini, zidisheni sana. Na katika miezi ya kwanza pitieni shamba, mche wenye dalili ung'olewe.

Kung'oa ndiko kulikoleta ubishi. Mama mmoja mwenye shamba dogo alisema waziwazi: "Niung'oe mhogo wenye majani, nile nini?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Mche mgonjwa ukiachwa unaweza kumpa mizizi miwili mitatu. Ukiachwa vile vile unaweza kumnyima mizizi ya miche kumi iliyouzunguka. Hesabu ni rahisi ubaoni, lakini njaa haisomi hesabu. Kikundi chenyewe kilikubaliana kwamba anayeng'oa apewe pingili safi na wenzake papo hapo, apande pengo lile lile mvua ingali ipo. Hilo hatukulisoma katika tasnifu yoyote.

Jambo la mwisho lilitoka kwa kina mama. Waliuliza juu ya mhogo mchungu: kwa nini mmea wa chakula uwe na sumu?

Sumu ni silaha ya mhogo. Mmea hauna miguu ya kukimbia nguruwe wala nyani. Ndani ya chembe zake umeweka vitu viwili, kila kimoja chumba chake. Kimoja ni mfano wa sukari iliyofungiwa sumu. Kingine ni kimeng'enya, yaani kitu cha kuifungua. Mnyama akitafuna, vyumba vinavunjika, viwili vinakutana, sumu inatoka. Sumu hiyo ni sianidi. Nyinyi mnaopanda mchungu kando ya pori mnaijua faida yake. Wakati wa ukame sumu huzidi, na bahati mbaya wakati huo huo ndipo watu wenye njaa hawana subira ya kukausha.

Mwaka 1988 wilaya ya Masasi watu waliugua baada ya kula ugali wa mhogo. Mtafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Nicholas Mlingi, aliwachunguza na wenzake. Waligundua kwamba kwa sababu ya njaa watu walikuwa wakitengeneza chinyanya: mhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa kidogo, unatwangwa tena, unaliwa mapema. Sumu haikupata muda wa kutoka. Mlingi aliendelea na kazi hiyo akapata shahada ya uzamivu huko Uppsala, Sweden, mwaka 1995. Kabla yake mganga Msweden, Hans Rosling, alikuwa amefanya kazi Nampula, Msumbiji, ambako mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo. Unamjia mtu ghafula, hasa watoto na kina mama, na miguu hairudi kama zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana hata katika wilaya yetu ya Mtwara.

Makopa yaliyokauka vizuri ni afadhali kuliko chinyanya, lakini nayo hubaki na sumu kiasi, hasa mwaka wa ukame. Njia ya kuiondoa iliyobaki ilitafutwa na Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, naye pamoja na watu wa Lishe waliifundisha huku kusini. Haina gharama. Tia unga mkavu katika bakuli, weka alama ndani ya bakuli unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha. Tandaza unga huo mbichi juu ya ungo au mkeka, unene usizidi sentimita moja, kama upana wa kidole cha mwisho. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga kinafungua sumu iliyobaki, nayo inaondoka hewani kama mvuke. Sumu hupungua mara tatu hadi sita. Unga ukishatandazwa hivyo ugali usongwe siku hiyo hiyo, maana unga mbichi haukai.

Mama mmoja aliuliza kama ladha hubadilika. Wenzake wawili waliokwisha jaribu wakamjibu wao: uchungu unapungua, na ugali unakuwa mweupe zaidi.